Mchezaji Akikauka, Usimfute: Somo la Collins Obuya

Wasee wa Kibera na Kawangware, leo tuongee kriketi. Najua huku mtaani mpira ni wa miguu, kuanzia Kamukunji hadi stage ya 46, lakini hii stori inamhusu kila kocha anayepanga kikosi.

Tarehe 24 Februari 2003, Gymkhana, hapa hapa Nairobi. Kenya ilikuwa na mikimbio 210 pekee dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996. Collins Obuya, kijana wa miaka 21, akarusha mipira yake ya kupinda na kuwatoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka wakaishia 157. Chini ya mwezi mmoja baadaye, Kenya ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamchukua. Halafu mkono ukakataa. Ile mipira iliyowasumbua wakubwa ikaacha kupinda. Hapo ndipo kocha wengi wa mtaa wangesema, “Huyo ameisha, leta mwingine.”

Lakini Obuya alibadilisha kazi. Aliyekuwa mrushaji akageuka mpigaji. Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, dhidi ya Australia waliokuwa wamebeba Kombe la Dunia mara tatu mfululizo, alisimama hadi mpira wa mwisho na mikimbio 98 bila kutolewa. Tulishindwa, 324 kwa 264, lakini yule “aliyeisha” ndiye alibeba timu siku hiyo.

Sasa angalia upande wa pili. Steve Tikolo, aliyepiga 96 dhidi ya Sri Lanka kule Kandy mwaka wa 1996, alikuwa kwenye kikosi hicho cha 2011 akiwa na miaka 39. Hilo lilikuwa Kombe lake la tano. Bati lake lilinyamaza, na Kenya ikapoteza mechi zote 6. Wengi walimlaumu mzee. Mimi nauliza: nani alikuwa amelelewa kushika nafasi yake? Kocha hawezi kupumzisha nyota kama benchi ni tupu. Mwaka wa 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, na hiyo si kosa la bati la mtu mmoja.

Kwa hivyo kocha wangu, straika wako akikosa mechi tatu, mhamishe wing. Mpumzishe wiki moja, umwambie kwa nini. Na wakati huo huo mpe dogo dakika zake. Ukimtoa bila neno, kesho hutamwona uwanjani, utamwona tu base.

Mimi niliacha chuo, na kuna watu walinifuta siku hiyo hiyo. Huku kwetu msimu mmoja mbaya unahesabiwa kama maisha yote. Obuya alingoja miaka minane kati ya siku zake mbili kubwa. Wewe umempa kijana wako wiki ngapi?