Kuvu

Mkate ukiota kuvu tunautupa, ndiyo maana neno hili halipendwi. Katika biolojia, hata hivyo, kuvu ni kundi zima la viumbe, vikiwamo hamira na vile vinavyotoa uyoga. Kwenye msitu wa miombo wa Mgori, Singida, kuvu huzingira mizizi ya miti ya mtundu na myombo. Huipatia miti fosforasi na nitrojeni kutoka kwenye udongo usio na rutuba nyingi. Miti nayo huilipa sukari. Kuvu nyingine huozesha majani na magogo, virutubisho vikarudi ardhini. Basi tuseme “kuvu” kwa kiumbe kizima, na “uyoga” kwa sehemu ile inayochomoza wakati wa mvua.