Marburg, Kikuyu na Gharama ya Kunyamazia Mafundisho

Kauli kwamba mafundisho hutenganisha na huduma huunganisha, iliyovuma wakati wa Mkutano wa makanisa wa Stockholm wa 1925, ingali inatawala mahusiano ya makanisa ya Kiprotestanti. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wakikutana, ni rahisi kujadili shule, maji na amani, huku ubatizo wa watoto wachanga na Meza ya Bwana vikiwekwa kando. Huduma ya pamoja ni njema, wala hakuna anayebisha. Ninachokipinga ni dhana kwamba ukimya ndio unaoilinda.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529. Viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, Luther na Zwingli, walibishana vikali juu ya maneno ya Kristo kuhusu mwili wake, ambayo Luther alikuwa ameyaandika kwa chaki mezani. Hawakuafikiana. Hata hivyo, kabla ya kuagana walitia saini hati ya vifungu 15. Katika 14 waliafikiana: Utatu, dhambi ya asili, imani, ubatizo na mengineyo. Cha 15 ndicho chenye somo. Kwanza kinataja wanachokubaliana hata kuhusu Meza, kwa mfano kwamba waumini wapewe mkate na kikombe pia. Kisha kinatamka waziwazi jambo lililowashinda: kama mwili na damu halisi ya Kristo vimo kimwili katika mkate na divai. Mwishowe kinautaka kila upande uuoneshe mwingine upendo wa Kikristo kadiri dhamiri inavyoruhusu. Ugomvi mpana ukawa swali moja lenye mipaka.

Itasemwa kwamba Marburg ilishindwa, kwani Luther alikataa kuwakubali wenzake kuwa ndugu katika ushirika. Ni kweli. Lakini swali lililoandikwa huweza kurudiwa. Mwaka 1973, huko Leuenberg, Uswisi, warithi wa pande hizo walikubaliana kushiriki meza na mimbari, na hawakufika hapo kwa kulikwepa swali la Meza, walilijibu.

Huko Kikuyu, katika Kenya ya leo, mwaka 1913, mambo yalikwenda kinyume. Wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walipanga shirikisho, wakafunga mkutano kwa Ushirika Mtakatifu ulioongozwa na Askofu Peel wa Mombasa katika kanisa la misheni ya Waskoti. Swali kama asiyepata kipaimara kwa askofu aweza kupokea Ushirika huo halikuwa limepata jibu la pamoja. Askofu Weston wa Zanzibar akawashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Wengi humlaumu Weston kwa kuvuruga umoja. Mashtaka yake yalikuwa makali kupita kiasi, lakini swali hakulizua yeye, alilikuta limerukwa.

Sidai kwamba hati pekee huleta umoja. Nadai kwamba kila jumuiya ya makanisa inayoendesha hospitali au chuo cha theolojia kwa pamoja inahitaji kifungu chake cha 15: tunakubaliana hapa, tunatofautiana pale, na hivi ndivyo tutakavyotendeana hadi tutakapoafikiana. Umoja unaoogopa kuandika tofauti zake hautadumu siku tofauti hizo zitakapofika madhabahuni.