Kijidudu, Kijasumu na Chachu: Majina ya Viumbe Visivyoonekana

Istilahi isiyopimwa vyema huweza kupotosha elimu yenyewe. Mfano mmojawapo ni majina tunayovipa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Kabla ya kuijua hadubini, wasemaji wa Kiswahili walikwisha kuvitambua viumbe hivi kwa kazi zao. Mpishi alisema unga umeumuka. Mgema alingoja tembo tamu liwe kali. Mfugaji alitia maziwa kibuyuni yagande. Chachu na hamira, neno la pili likiwa na asili ya Kiarabu, ni majina ya msaada, wala hayanuki ugonjwa.

Mnamo mwaka 1676 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft nchini Uholanzi, aliiandikia Royal Society ya London habari za viumbe alivyoviona majini kwa lenzi yake. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza kwamba maziwa huchachuka kwa kazi ya viumbe hai. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde, ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Hivyo elimu ya madhara na elimu ya manufaa zilikua pamoja.

Katika lugha yetu hazikukua sawasawa. Elimu ya afya, kama ile ya kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania mwaka 1973, ilikuwa na haki ya kuhimiza kinga kwanza. Lakini kijidudu likawa jina la adui, na kijasumu likabeba sumu tumboni mwake. Si sisi peke yetu: hata neno virusi, kwa Kilatini, lilimaanisha sumu. Bakteria, kwa asili yake ya Kigiriki, ni kijiti tu.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Mgonjwa wa mafua asomaye kwamba kiuavijasumu ni "dawa ya kuua vijidudu" atadhani kwamba inamfaa. Kumbe mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo haiui virusi. Huwaua hata bakteria wenye manufaa tumboni. Itumiwapo ovyo, bakteria waletao maradhi huwa sugu, na siku inapohitajika kweli haifui dafu.

Kwa hiyo yafaa mfasiri aseme viumbe vidogo anapovikusudia vyote. Atenganishe bakteria, virusi na kuvu. Na neno kijasumu aliwekee mipaka ya viletavyo maradhi. Naye mwalimu aanze somo kwa chachu, neno ambalo mwanafunzi amekuja nalo kutoka jikoni kwao.