The Bird King (riwaya)

The Bird King ni riwaya ya fantasia ya kihistoria ya G. Willow Wilson, mwandishi wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2019. Inaanzia ndani ya kasri la Alhambra, mwaka 1491, majeshi ya Isabella wa Kastilia na Ferdinand wa Aragon yakiwa yameuzingira mji wa Granada, makao ya mwisho ya utawala wa Kiislamu Hispania. Fatima, suria wa sultani, anatoroka na rafiki yake Hassan, mchoraji ramani wa kasri, ambaye huchora mahali asipopata kupaona. Naye akichora, dunia hufuata kalamu yake.

Mwandishi

Wilson alizaliwa New Jersey mwaka 1982, akasilimu, akaishi Cairo. Riwaya yake Alif the Unseen (2012), yenye majini kama hii, ilipata tuzo ya World Fantasy.

Usuli wa kihistoria

Vita vya Granada vilianza 1482 na kuumeza ufalme wa Banu Nasr, nasaba iliyotawala Granada, mji baada ya mji. Malaga ilipoanguka Agosti 1487, wakazi wake wengi walitiwa utumwani, na waliobaki Granada walijua maana ya kukaidi hadi mwisho. Mzingiro wenyewe ulianza Aprili 1491. Kambi ya wafalme ilipoteketea kwa moto majira ya joto, palijengwa mji wa kudumu, Santa Fe, ili wenye mji waone kwamba adui hana haraka. Mkataba wa kusalimu amri ulitiwa saini 25 Novemba 1491, na Sultani Abu Abdullah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, akautoa mji 2 Januari 1492. Granada haikutekwa kwa kuvunjwa kuta. Ilikwisha kwa njaa na wino. Mkataba uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti, makadhi na mali. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kuwabatiza watu kwa makundi, uasi ukazuka, na kufikia 1502 Waislamu wa Kastilia walitakiwa kuchagua ubatizo au kuhama.

Uchawi wa karatasi

Usuli huo ndio unaoeleza kwa nini uchawi wa riwaya hii umewekwa kwenye ramani, wala si kwenye upanga au radi. Katika mji ulioamuliwa kwa karatasi, Hassan ana karatasi ya aina nyingine: anachokichora huwa kweli, ilhali walichoandika wafalme kiligeuka uongo ndani ya miaka kumi. Msomaji anayeijua historia hawezi kuzitazama ramani hizo bila kuukumbuka mkataba. Yapo malalamiko kwamba kipaji cha namna hii kinaupunguzia mzingiro uzito, kwa kuwa mwenye kuweza kuchora mlango hana sababu ya kuogopa lango lililofungwa. Lakini Hassan hauokoi mji. Ramani zake zinamfungulia njia mtu mmoja mmoja, na Granada inaanguka kama ilivyoanguka.

Pingamizi zito zaidi ni la kihistoria. Anayemwinda Hassan kwa kosa la uchawi ni Luz, mjumbe wa Kihispania mwenye nguvu ya Inkwizisheni, mahakama ya imani ya Kikatoliki, nyuma yake. Mahakama hiyo, iliyoidhinishwa na Papa mwaka 1478, ilikuwa na mamlaka juu ya waliobatizwa tu, na ofisi yake Granada ilifunguliwa 1526. Kwa tarehe, basi, Luz amewahi mno. Kwa hoja ya riwaya yupo mahali pake, kwani mwandishi ameyakusanya mateso ya miaka iliyofuata katika mgeni mmoja mwenye sauti ya upole, anayeaminiwa kwanza na kuogopwa baadaye, kama mkataba wenyewe. Gharama ipo: uonevu wa dola unaonekana kana kwamba ni ugonjwa wa moyo wa mtu mmoja.

Mapenzi

Fatima na Hassan si wapenzi. Hassan huwapenda wanaume. Anayetaka mahaba ya kawaida ataona pengo hapo. Hata hivyo Fatima ni mali ya sultani, na mkataba unaolinda mali haumpi suria uhuru, ashinde nani. Katika kasri la namna hiyo urafiki ndio upendo pekee usio na mwenye kumiliki, na kwa ajili yake Fatima anaacha usalama aliokuwa nao. Urafiki huo una hadithi yake: wawili hao wana kurasa chache tu za Mantiq al-Tayr, shairi la Kiajemi la Attar kuhusu ndege wanaomtafuta mfalme wao, nao hujitungia hadithi iliyosalia. Kisiwa cha Qaf wanachokikimbilia kinatokana na hadithi hiyo.

Nafasi yake

Léon l'Africain (1986) ya Amin Maalouf pia inaanzia Granada, bila uchawi. The Lions of Al-Rassan (1995) ya Guy Gavriel Kay inaigeuza Andalusia kwa kubadili majina ya nchi na dini. Wilson ameacha majina na matokeo yalivyo, akaongeza majini, na kwa sababu hiyo riwaya yake inaweza kupimwa kwa mkataba wa 1491 moja kwa moja.