Mpaka Usioonekana: Bustani za Makabaila na Ardhi ya Pamoja katika Ushairi wa Kiingereza

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiingereza wa karne ya 18, mandhari ya mashambani huchukuliwa mara nyingi kuwa maumbile tu: nyasi, miti, kijito, na mtunzi anayeyatazama. Mtazamo huo unasahau kwamba mengi ya maumbile hayo yalitengenezwa kwa mkono. Lancelot Brown (1716–1783), aliyeanza kazi Stowe mwaka 1741, aliziondoa bustani za kale zilizopangwa kwa mistari, akaweka badala yake miteremko laini, vichaka vya miti na maziwa ya kuchimbwa. Nyenzo muhimu ya mtindo huu ilikuwa handaki lenye ukuta upande mmoja, lililoitwa haha. Mwenye jumba, akiwa dirishani pake, aliona nyasi zikienenda bila kukatika hadi malishoni. Ng'ombe nao hawakuweza kuvuka. Mpaka ulikuwapo, ila haukuonekana kutoka jumbani. Aliyesimama upande wa pili aliuona barabara.

Vijiji navyo viliweza kuharibu mandhari. Katika miaka ya 1760, Kabaila Harcourt alikihamisha kijiji cha Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, akakijenga upya kando ya barabara kuu ili jumba lake lizungukwe na bustani. Joseph Damer alifanya vivyo hivyo Dorset: mji mdogo uliokuwa kando ya abasia ya Milton uliondolewa, na baadhi ya wakazi wakapewa nyumba zilizofanana katika kijiji kipya cha Milton Abbas.

Matukio haya yaliwagawa watunzi. William Whitehead, mshairi rasmi wa mfalme tangu 1757, aliwahi kuwa mwandani wa mrithi wa Harcourt katika safari za Ulaya. Katika tungo zake, akina mama wa Nuneham wanaviacha vibanda vyao bila majonzi na kuingia katika nyumba kavu zenye joto, huku ajuza mmoja akiruhusiwa kubaki kwa hisani ya bwana. Huenda nyumba hizo zilikuwa kavu kweli. Lakini utunzi huu unageuza haki ya mtu kuishi kwake kuwa zawadi. Oliver Goldsmith, kwa upande wake, alikuwa tayari ameandika makala ya gazetini mwaka 1762 kuhusu wanakijiji waliofukuzwa, na mwaka 1770 akatoa The Deserted Village. Wataalamu kadhaa wamelihusisha shairi hilo na Nuneham. Ghadhabu yake ni ya kweli. Hata hivyo, kijiji chake ni cha kumbukumbu tamu mno, kinachotazamwa na msafiri anayerejea, wala si na mtu aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa kulisha.

Mtu huyo alikuja baadaye, kwa jina John Clare, aliyezaliwa Helpston, Northamptonshire, mwaka 1793 katika familia ya kibarua. Ujanani alifanya kazi ya bustani huko Burghley, jumba ambalo viwanja vyake vilikuwa vimesanifiwa upya na Brown mwenyewe. Kwa hiyo aliijua bustani ya kabaila kwa jembe kabla ya kuijua kwa kalamu. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua mashamba na malisho ya pamoja ya Helpston na parokia jirani. Ugawaji ulikamilishwa rasmi mwaka 1820. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria kama hizo zaidi ya 5,200, zikagusa takriban ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza. Aliyekuwa na hati alipewa kipande chake. Aliyezoea tu kuokota kuni au kulisha mnyama mmoja, kwa kawaida aliambulia patupu. (Msomaji wa Kenya anayeikumbuka Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ataielewa upesi hila hii ya kutotambua isipokuwa hati.)

John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1972, anahusisha sintaksia ya Clare, yenye vishazi vinavyofuatana bila kutawaliwa na kimoja, na maisha ya parokia isiyo na ua. Hoja hii ina mashiko, lakini yafaa iwekewe mpaka. Mashairi yenyewe ya Clare juu ya uzungushaji ua yaliandikwa wakati ua umekwisha kusimikwa au ungali ukisimikwa, na yeye aliwahi kuajiriwa katika kazi hiyo hiyo ya kupanda ua. Uwazi wa tungo zake si picha ya ardhi aliyoiona akiandika. Ni madai juu ya ardhi iliyokwisha chukuliwa.

Wafadhili wake waliyasikia madai hayo. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1820, na Lord Radstock akataka beti zilizoshutumu utajiri ziondolewe katika shairi la "Helpstone". Mchapishaji John Taylor akaziondoa katika toleo la baadaye. "The Mores", shairi lake kali kuliko yote juu ya malisho yaliyofungwa, halikuchapishwa Clare akiwa hai. Alifariki mwaka 1864 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, alikowekwa tangu 1841.