Tyrus Wong na Msitu wa Bambi

Filamu ya katuni iitwayo Bambi ilipotolewa mwaka 1942, msitu wake ulikuwa jambo geni katika sinema za aina hiyo: ukungu wa alfajiri, miti inayofifia kwa mbali, na mtoto wa paa amesimama penye mwanga. Aliyeubuni mtindo huo, Tyrus Wong, alitajwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari tu. Twaona si haki wasomaji wetu wasimjue.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mkoa wa Guangdong, China. Mwaka 1920 alikwenda Marekani pamoja na baba yake, akitumia karatasi zenye jina lisilo lake, maana sheria ya mwaka 1882 iliwazuia Wachina wengi kuingia. Mtoto huyo akazuiliwa peke yake karibu mwezi mzima katika kisiwa cha Angel, jirani na San Francisco. Mama yake na dada yake walibaki nyumbani, wala hakuwaona tena.

Baba, ijapokuwa maskini, alimfundisha mwandiko wa Kichina kwa brashi. Wino ulikuwa ghali. Basi kijana alichovya brashi katika maji na kuandika juu ya magazeti. Maji yalipokauka, alianza upya. Nasi tunaofundisha mwandiko kwa vipande vya chaki twaielewa faida yake: pasipo kitu cha kubaki na kusifiwa, mkono hujifunza mwendo wenyewe.

Baada ya kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Otis, Los Angeles, aliajiriwa na Disney mwaka 1938. Alipewa kuchora picha za katikati, yaani zile zijazazo nafasi baina ya michoro mikuu miwili ili kiumbe aonekane anakwenda. Kazi hiyo huchosha macho, naye hakuipenda. Kisha akasikia kwamba Bambi inatayarishwa. Wenzake walikuwa wamechora kila jani na kila tawi, hata paa wakapotea humo. Wong akachora nyumbani kwake picha chache, akifuata mabwana wa China wa enzi ya Sung: rangi kidogo, brashi nyepesi, na mengi kuachiwa macho ya mtazamaji. Walt Disney alizipenda, na mtindo huo ukatawala filamu nzima.

Kwa kazi hiyo sisi tungemwita mwelekezi wa sanaa. Cheo hicho hakupewa. Mwaka 1941 wafanyakazi waligoma. Wong hakugoma, lakini mgomo ulipokwisha aliachishwa kazi, na filamu ikatoka yeye hayupo.

Alihamia Warner Brothers, akachora mandhari za filamu za waigizaji kabla hazijapigwa, miongoni mwazo Rebel Without a Cause ya mwaka 1955, hadi alipostaafu mwaka 1968. Disney walimtunukia heshima mwaka 2001. Wakati huo alikuwa akijishughulisha zaidi na tiara alizojitengenezea mwenyewe, za vipepeo, bundi na tandu mrefu wa pingili nyingi, ambazo alizirusha pwani ya Santa Monica. Alifariki tarehe 30 Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 106.