Majani ya Kichina ya Jabe na hii habari ya "kupandisha kinga"



Karibu na soko la Jabe kuna wanaouza majani makavu kwenye visashe. Wanayaita artemizia. Ukiuliza yanatibu nini, wanajibu: "Inapandisha kinga, inafukuza malaria." Mama anayachemsha mpaka maji yanakuwa meusi. Mimi pia niliamini. Halafu nikiwa volontea kambini nikaona mtoto ameletwa siku ya nne ya homa; siku tatu zote alipewa chai hiyo tu. Alipona, lakini ilibaki kidogo. Nikaanza kutafuta historia ya majani haya.

Tuanze na neno kinini. Hapa Buja na kule Kivu tunaita kidonge chochote kinini, hata cha kichwa. Limetoka kwenye kwinini, dawa ya maganda ya mti wa kinkina, mti wa Amerika ya Kusini. Waliotoka Bukavu wanaijua Pharmakina. Baadaye ikaja klorokini ya bei rahisi, ikatawala mpaka vimelea vikaizoea. Mwaka 2000 na 2001 Burundi ikapigwa na mlipuko wa malaria: wagonjwa zaidi ya milioni 3 katika nchi ya watu wasiofika milioni 7. Mwaka 2003 nchi ikahamia kwenye artesuneti pamoja na amodiakwini. Artesuneti inatokana na majani hayo ya Kichina.

China waliifikia kwa sababu ya vita. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wanakufa na malaria porini, ndipo tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ikaanzisha kazi ya siri, ikaitwa 523 kufuatana na hiyo tarehe. Mwanamama Tu Youyou aliingia 1969, akakusanya maelekezo ya tiba za kale zaidi ya 2,000. Jani la qinghao, yaani artemizia, lilimsumbua: leo linafanya kazi, kesho linashindwa. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4. Ge Hong hakusema chemsha. Alisema loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Tu akawaza kwamba joto ndilo linaharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015, akiwa bibi wa miaka 84.

Sisi huku tunachemsha tu.

Sasa hiyo kinga. Vimelea vikipasua seli nyekundu za damu, seli za kinga, hasa makrofaji, zile kubwa zinazomeza wadudu, zinatoa kemikali za kuita wenzao. Moja inaitwa TNF. Hizo ndizo zinaleta homa na kutetemeka, na zikizidi zinaumiza mwili wenyewe. Watafiti waliweka artesuneti na dawa za ukoo wake kwenye seli hizo maabara, wakaona TNF inapungua. Yaani dawa inazituliza, haizipandishi. Ndiyo maana timu ya Tu huko Beijing ikaenda kuijaribu kwa lupus, ugonjwa ambao kinga inashambulia mwili wake yenyewe. Muuzaji wetu wa Jabe amegeuza habari kichwa chini, miguu juu. Na hayo ni ya dawa iliyosafishwa na kupimwa, siyo ya sashe.

Siwadharau waganga wa zamani. Bila Ge Hong pengine Tu angekwama. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono chai ya artemizia kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani, na dawa kidogo inafundisha vimelea kuizoea. Ni yaleyale ya klorokini. Tayari watafiti wameonyesha vimelea vilivyoanza kuizoea artemisinini Rwanda (2020) na Uganda (2021), na Rwanda ni jirani hapa tu.

Audio za artemizia zikija tena kwenye grupu, muulizeni aliyetuma: majani gramu ngapi, umechemsha dakika ngapi, na mtoto amepimwa? Kipimo cha kidole pale kituo cha afya kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi.